Mtoro na aliyekombolewa: Wakristo wanamaanisha nini wanaposema ukombozi

Siku ya mwaka mpya wa 1889, pale Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, watu zaidi ya 1,400 walipewa karatasi. Wengi walikuwa wameishi maeneo yale kwa muda mrefu. Walikuwa na nyumba, walikuwa na makonde, walikuwa na watoto. Mpita njia asingejua nani mtumwa na nani muungwana. Lakini walikuwa watoro. Kila mmoja alikuwa na bwana wake mahali fulani, na kwa sheria ya pwani ya siku zile bwana huyo alikuwa na haki ya kuja kumchukua. Miongoni mwa waliowapokea pale misheni alikuwa William Jones, mchungaji Mwafrika ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, na ambaye hakuwa na moyo wa kumfungia mtu mlango. Mabwana walikasirika, wakatishia kuivamia misheni. Ndipo George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kazi Mombasa, akapatana nao bei: dola 25 kwa kila mtu. Fedha zikachangwa, mabwana wakalipwa, karatasi za uhuru zikaandikwa.

Jiulize: ni nini kilichobadilika siku ile? Nyumba zilikuwa zilezile. Jembe lilikuwa lilelile. Jioni watu walirudi kupika walichokuwa wakipika jana. Ila usiku ule mbwa akibweka, hakuna aliyelazimika kuamka na kukimbilia msituni.

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu ukombozi, na mara nyingi neno lenyewe hupita juu ya vichwa vya watu kama neno la kanisani tu, la kuitikiwa amina. Kwangu mimi hakuna kilicholifungua kama tofauti hii ya Rabai, kati ya mtoro na aliyekombolewa. Wote wawili wameondoka kwa bwana. Wote wawili wanalima shamba lao. Mmoja analala, mwingine anasikiliza.

Neno kukomboa halikuzaliwa kanisani. Ni neno la rehani. Umeweka simu bondi ili upate ada ya mtoto. Mwezi ukiisha unapeleka fedha na kuikomboa. Umeweka hati ya shamba kwa mkopeshaji. Usipoikomboa, shamba linakwenda. Na kulikuwa na wakati ambapo kilichowekwa rehani kilikuwa mtu. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1884 na 1885, ambayo Mijikenda waliiita Mwakisenge, familia nyingi ziliweka watoto wao kwa watu wenye nafaka ili waliobaki wasife. Makubaliano yalikuwa kwamba mavuno yakija, ndugu atakwenda na kumkomboa mtoto. Ndugu asipokwenda, mtoto aliteleza polepole kutoka kwenye rehani mpaka kwenye utumwa. Mtoto mwenyewe hakuwa na la kufanya. Hakuwa na fedha, hakuwa na neno mbele ya wakubwa. Alichokuwa nacho ni kujua kwamba kwao yupo mtu anayemkumbuka.

Shikilia picha hiyo ya mtoto, nitairudia.

Biblia inalitumia neno hili kwa namna hiyohiyo. Mambo ya Walawi sura ya 25 inaeleza sheria ya Waisraeli: mtu akiwa maskini hata akauza shamba lake, au akajiuza mwenyewe, jamaa yake wa karibu ana haki na wajibu wa kumkomboa. Mkombozi si tajiri yeyote mwenye huruma. Ni ndugu. Ndiyo maana katika kitabu cha Ruthu, Boazi hawezi kufanya lolote kabla ya kumwuliza jamaa aliye karibu zaidi yake. Na yule jamaa, aliposikia kwamba kulikomboa shamba kunakwenda pamoja na kumchukua Ruthu, mjane Mmoabi, alijitoa haraka akisema asije akaharibu urithi wake mwenyewe. Alivua kiatu, akampa Boazi nafasi. Kukomboa kuna gharama, na gharama inamwangukia yule anayejiita ndugu.

Wakristo wanaposema Mungu alifanyika mwanadamu, wengi huliona fundisho hilo kama fumbo la kwenye Krismasi lisilohusiana na msalaba. Lakini ukilisoma kwa macho ya Boazi linakaa mahali pake. Ili awe na haki ya kutukomboa ilibidi awe jamaa. Ilibidi awe na damu kama yetu, na mama, na kijiji, na njaa.

Wasomaji wa kwanza wa mtume Paulo nao walikuwa na picha yao. Katika hekalu la Apolo pale Delphi, Ugiriki, bado yapo maandishi zaidi ya elfu moja yaliyochongwa kwenye mawe, yanayotaja watumwa waliopata uhuru. Utaratibu ulikuwa hivi: mtumwa alidunduliza fedha zake mwenyewe, fedha zikapitia hekaluni, na kwa maandishi alihesabiwa kuwa ameuzwa kwa mungu wa pale. Bwana wa zamani akawa hana neno tena. Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba walinunuliwa kwa thamani, walijua anazungumzia nini. Kilichowashangaza, nadhani, ni mahali fedha ilipotoka. Kule Delphi mtumwa alijilipia. Katika Injili, mtumwa hakutoa hata senti, na aliyelipa alijitoa mwenyewe. Maneno ya Yesu katika Marko 10:45 yanasema alikuja "kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi."

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo vijana huniuliza, na ambalo wazee wengi hulikwepa: fidia hiyo alilipwa nani?

Swali hili si la utovu wa adabu. Limesumbua kanisa tangu mwanzo. Origen wa Alexandria, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, aliona kwamba shetani ndiye aliyekuwa ametushika, kwa hiyo yeye ndiye aliyepokea, ingawa hakuweza kumshikilia Yesu. Gregory wa Nazianzus, karne moja baadaye, alilikataa wazo hilo kwa uchungu: mnyang'anyi atalipwaje kwa alichopora, tena malipo yenyewe yawe Mungu? Mnamo 1098 Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, akamaliza kitabu alichojibu humo kwa njia nyingine: dhambi imeivunja heshima anayostahili Mungu, mwanadamu ndiye anayedaiwa na hana cha kulipa, Mungu peke yake ndiye mwenye uwezo wa kulipa, basi lazima alipe aliye Mungu na mwanadamu kwa pamoja. Warekebishaji wa kanisa wa karne ya 16 wakalipeleka hilo mbele zaidi, wakisema alibeba hukumu iliyotustahili sisi. Na imani ya Nikea, ungamo la kale linalosomwa katika makanisa mengi, inasema tu kwamba alishuka kwa ajili yetu wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu. Haisemi mpokeaji ni nani.

Hapa mfano wa Rabai unavunjika, na ni vizuri uvunjike. Siku ile waliolipwa walikuwa mabwana. Mtu aliyekuwa ameibiwa miaka ya maisha yake hakupewa chochote zaidi ya karatasi; aliyemwibia akapewa dola 25. Ulikuwa uhuru wa kweli, na ndani yake ulikuwa na dhuluma. Msalaba hauko hivyo. Nionavyo, Gregory alikuwa sahihi: hakuna aliyekuwa na haki juu yetu akangoja malipo dirishani. Tunaposema bei ililipwa, tunasema jambo ambalo kila mama anayelea mtoto aliyepotea analijua: kumrudisha mtu kunagharimu, na gharama hiyo ni halisi hata kama hakuna aliyeiweka mfukoni. Usiku aliokesha, fedheha aliyoibeba mbele ya majirani, deni la mtoto alilolimeza kimya. Nani alilipwa? Hakuna. Je, ililipwa? Ndiyo, yote.

Turudi kwa mtoro, maana naamini wengi tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa tungali watoro. Mtoro wa kiroho ni mtu aliyeikimbia dhambi bila kukombolewa kutoka kwake. Ameacha pombe, lakini anaijua kila njia inayopita karibu na baa, naye huzunguka. Alichukua fedha za kikundi miaka kumi iliyopita, akahama mji, sasa ni mwimbaji hodari wa kwaya. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, tumbo linamkata. Alimtelekeza mtoto, akaoa kwingine, akatoa sadaka nono. Mtu huyu si mnafiki. Anajitahidi kuliko wengi wetu. Lakini dini yake yote ni umbali. Anahesabu amefika mbali kiasi gani na yaliyopita, na yaliyopita yanajua kutembea.

Ukombozi unamfanyia kitu tofauti. Unamgeuza amwangalie aliyekuwa anamdai, akiwa na aliyelipa pembeni yake. Ndiyo sababu ukombozi wa kweli kwa kawaida huleta kuungama, jambo ambalo mtoro hawezi kabisa. Akitaja jina lake la zamani atakamatwa. Aliyekombolewa anaweza kulitaja.

Katika Afrika Mashariki tuna historia kubwa ya jambo hili. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa amechoka na kukata tamaa na kazi yake kule Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Walikaa siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba. Kutoka kwa watu wachache kama hao, pamoja na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekwenda kufundisha Gahini na kufariki akiwa bado kijana mnamo 1936, ukatoka uamsho ulioenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu wa uamsho ule Balokole, yaani waliookoka. Hadi leo ukisikia mtu wa Bukoba au Kabale au Kiambu akisema "ndugu" kwa uzito fulani, huenda amelelewa katika ushirika ule.

Kilichowatambulisha ni kuenenda nuruni, neno walilolichukua katika 1 Yohana 1:7. Mtu alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake kwa jina. Kisha akaenda kwa aliyemkosea. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa, madeni yaliyosahaulika na mdai mwenyewe yakalipwa, wamisionari wazungu wakawaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao. Ni Zakayo wa Luka 19 tena, yule mtoza ushuru aliyesema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Angalia mpangilio wa habari ile. Yesu alikwenda nyumbani kwake kwanza. Fedha zilitoka baadaye. Zakayo hakurudisha ili apokewe. Alipokewa, mikono ikafunguka.

Nawapenda watu wale, na kwa sababu nawapenda siwezi kuikwepa Rwanda ya 1994. Nchi ulikoanzia uamsho ndiyo ambayo watu waliobatizwa waliwaua jirani zao waliobatizwa, tena ndani ya makanisa kama Ntarama na Nyamata. Wapo Wakristo waliokataa kutenganishwa Hutu na Tutsi wakafa pamoja, na majina yao yanastahili kukumbukwa. Lakini walikuwa wachache mno. Mtu akiniuliza, "Kama ukombozi ni wa kweli, mbona hivyo?" sina jibu la kumnyamazisha, wala sitaki kumnyamazisha. Ninachokiona ni hiki: ulevi, uzinzi na wizi vilitajwa nuruni kwa majina, lakini chuki ya kabila mara nyingi iliachwa gizani, ikahesabiwa kuwa siasa au mila. Kilichoachwa gizani hakikukombolewa. Kilikaa kikingoja.

Lugha yetu yenyewe imechangia kutuchanganya kidogo. Tunasema "nimeokoka", kwa wakati uliotimia, kama mtu anavyosema nimeshiba. Na kuokoka, tofauti na kuokolewa, hakumtaji aliyeokoa. Mtu anaweza kulisema maisha yake yote na kusahau kwamba kuna mwingine ndani ya sentensi. Paulo hutumia nyakati zote tatu. Kwa Waefeso anasema mmeokolewa kwa neema. Kwa Wakorintho anasema sisi tunaookolewa, kazi bado inaendelea. Kwa Warumi anasema tutaokolewa. Anayeshika ule wa kwanza peke yake huwa na majivuno. Anayeshika ule wa mwisho peke yake huishi kwa hofu. Yule ndugu wa Kampala au Moshi anayekuuliza njiani "umeokoka?" anauliza swali jema. Ila lingehitaji kuulizwa tena mwaka ujao, na aliyeuliza aulizwe pia.

Sasa tumaini. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko kinavyotuchanganya. Tunasema "natumaini kwamba mvua itanyesha", na hapo neno linakaribia bahati. Lakini tunaweza pia kusema "ninamtumaini mama", bila "kwamba". Sijataja jambo litakalotokea, nimemtaja mtu. Zaburi ya 37 inasema hivyohivyo: "Umtumaini Bwana ukatende mema." Tumaini la Kikristo ni la namna hii ya pili. Mkumbuke yule mtoto wa rehani wakati wa njaa. Hakujua mvua itanyesha lini. Hakujua mjomba atakuja mwezi gani, au njia iko salama. Alimjua mjomba. Matumaini ya kwanza hufa hali ya hewa ikibadilika. Haya mengine yanaweza kukaa hata kwenye ghala la mtu mwingine, usiku, huku tumbo likiuma.

Mwandishi wa Waebrania analiita tumaini hilo nanga ya roho. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Nanga haitulizi bahari. Mawimbi yanapiga kama yalivyokuwa yakipiga, jahazi linapanda na kushuka, watu wanatapika. Ila haliendi mwambani. Na nanga ikifanya kazi huioni, iko chini ya maji.

Ninalisema hili hasa kwa ajili ya misiba. Tuna desturi mbaya ya kumwambia mjane "usilie, ni mapenzi ya Mungu", kana kwamba machozi ni ukosefu wa imani. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakuwaambia wasihuzunike. Yesu mwenyewe, akijua anakwenda kumfufua Lazaro, alilia machozi kabla ya kufika kaburini. Tumaini la Wakristo ni ufufuo wa mwili, yaani kwamba mikono hii iliyolima, iliyonyonyesha na iliyougua haitatupwa. Anayeupenda mwili hivyo ana haki ya kuulilia unapozikwa.

Jambo moja nilipitie kwa haraka, ingawa linaniuma. Ukisikia mahali wanakuuzia ukombozi, maji ya kiasi fulani, mafuta ya kiasi fulani, maombi ya kuvunja laana kwa malipo, ujue umerudishwa sokoni. Katika Matendo sura ya 8 Simoni wa Samaria alitaka kuinunua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro alimjibu kwa ukali ambao sijausikia kwake mahali pengine. Bei ikishalipwa, anayekudai tena anakuibia.

Mara kwa mara mtu hukaa nami baada ya ibada, wengine wakiwa wameshaondoka, na kuniambia kwa sauti ndogo kwamba haya yote ni mazuri lakini sijui alichofanya yeye. Huwa ninamwomba asome tena habari ya mwana mpotevu katika Luka 15, na safari hii aangalie hotuba. Kijana akiwa kule kwa nguruwe aliipanga vizuri: nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Ni hotuba ya mtoro anayetafuta masharti nafuu. Alitembea nayo njia nzima. Alipofika, baba akiwa ameshamkimbilia na kumwangukia shingoni, akaanza kuisema: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena. Ile sentensi ya mwisho, ya kuomba awe mtumishi, haipo. Baba alikuwa ameshageuka kuwaambia watu walete vazi.